Nani Aendeshe Maji ya Kijiji? Njia Nne Zilizowekwa Sambamba

Mradi umekabidhiwa, utepe umekatwa, mgeni rasmi amemtwisha mama ndoo mbele ya kamera na msafara umeondoka. (Sijui nani alibuni desturi ya kumtwisha mama ndoo kwenye uzinduzi wa mradi unaosemwa unakuja kumtua mama ndoo kichwani, lakini picha ile haikosi.) Inabaki ajenda ambayo hotuba haikuigusa: maji haya ataendesha nani, na kwa pesa ya nani?

Hapo mkutano wa kijiji hugawanyika. Wazee wanataka kamati kama ile ya zamani. Mtendaji ana barua ya RUWASA, wakala wa maji vijijini Tanzania, inayozungumzia chombo cha watumia maji. Vijana wamesikia kuna vijiji vimefungiwa bomba za chipu. Kuna mmoja, aghalabu mwalimu, anauliza kama hakuna fundi wa kampuni anayeweza kuubeba mzigo wa matengenezo kwa mkataba. Wote wana hoja. Nimeziweka njia hizo nne sambamba na kuzipitisha kwenye maswali yaleyale, ili atakayesimama kuchangia mkutanoni ajue anachokitetea kina gharama gani.

Swali hili lilitoka wapi

Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka 20: ifikapo 1991, kila mwanakijiji awe na maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Serikali ilijenga, Serikali ikaendesha, na kijijini maji yalikuwa bure. Nchi ilipoishiwa pesa za dizeli na vipuri, mashine nyingi zilinyamaza. Sera ya maji ya 1991 ikaleta habari ya wananchi kuchangia, na ile ya 2002 ikasema wazi kwamba watumiaji ndio watakaoumiliki na kuuendesha mradi na kulipia uendeshaji wake. Kipimo cha mita 400 kikabaki, pamoja na kituo kimoja cha kuchotea kwa watu 250.

Sheria ya 2009 iliunda vyombo vya watumia maji. Sheria Namba 5 ya 2019 ikaleta RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, unaovisajili na kuvisimamia vyombo hivyo. Kenya ilifika karibu na hapo kwa njia nyingine: miradi mingi ya harambee, kisha sheria za maji za 2002 na 2016, na tangu 2013 jukumu likawa la kaunti. Kwa hiyo msomaji wa Kitui na wa Kondoa wana sheria tofauti, ila swali la nani ashike spana na nani ashike pesa ni lilelile.

Vigezo, kabla ya kutaja njia yoyote

Watu wengi huanza na bei ya ndoo. Mimi nimeiacha makusudi. Ndoo ya shilingi 20 za Tanzania kwenye bomba kavu ni ghali kuliko ya shilingi 50 kwenye bomba linalotoka, maana huyo wa bomba kavu atamlipa muuza maji wa mkokoteni bei anayoitaka yeye.

Haya ndiyo maswali matano niliyoyatumia. Pesa inaingiaje, na je, kuna inayobaki kwa siku ya kuungua pampu? Mtambo ukiharibika, unakaa muda gani bila maji? Masika yakianza na kila mtu akawa na maji ya bati, mapato yanakuwaje? Asiye na hela anachotaje? Na la mwisho, ambalo ndilo linalovunja kamati nyingi kuliko ukame: hesabu anaiona nani?

Njia zenyewe kwa ufupi

*Kamati ya kujitolea.* Wajumbe wamechaguliwa na mkutano wa kijiji, hawalipwi, na kila kaya inatoa mchango wa mwezi au wa mwaka. Pengine hakuna mchango wowote mpaka pampu ife, ndipo mjumbe anapita nyumba kwa nyumba.

*Chombo chenye watumishi.* Kimesajiliwa, kina uongozi uliochaguliwa, na kinaajiri fundi na mhasibu. Kwenye kila kituo kuna mhudumu anayeuza maji kwa ndoo, na waliovutiwa bomba nyumbani wanasomewa dira (mita ya maji) na kuletewa ankara.

*Dira ya malipo ya kabla.* Chombo ni kilekile, ila kazi ya mhudumu wa kupokea hela inafanywa na mashine. Mtumiaji ana chipu au kadi, anaijaza salio kwa simu au kwa wakala, anaigusisha kwenye bomba, maji yanatoka, anapoiondoa yanakata. Nairobi walizizoea kwa jina la ATM za maji: mwaka 2015 kampuni ya maji ya jiji ilizifunga Mathare, lita 20 kwa nusu shilingi ya Kenya. Kampuni ya eWATER imefunga bomba za namna hiyo vijijini Gambia na Tanzania.

*Fundi wa mkataba.* Kamati inabaki na mali yake, lakini matengenezo yanabebwa na kampuni au kikundi cha mafundi kwa ada ya kila mwezi, na fundi anaahidi muda wa kufika. Mfano unaojulikana zaidi Afrika Mashariki ni FundiFix ya Kitui na Kwale, iliyozaliwa na utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford. Ahadi yake ni kutengeneza pampu ndani ya siku 3.

Iko njia ya tano ambayo sitaikalia sana, ya kujiunga na mamlaka ya maji ya mji wa karibu. Kama bomba kuu linapita kilomita chache kutoka kwenu, waulizeni kabla ya kuchimba kisima chochote. Kisumu walifanya ya katikati: kampuni ya maji ya mji, KIWASCO, huuza maji kwa jumla kwa waendeshaji wa mtaani huko Nyalenda, nao huyasambaza majumbani na kukusanya pesa. Kwa vitongoji vilivyobanana pembeni ya mji, huo ni mfano wa kwenda kuuona kwa macho.

Pesa: ya kila siku na ya siku mbaya

Tuchukue kijiji cha kukadiria chenye watu 2,500, yaani vituo 10 kwa kipimo cha sera ya 2002, na kaya 500.

Kamati ikitoza shilingi 1,000 kwa kaya kwa mwezi, na wote wakatoa, ni 500,000. Chombo kikiuza ndoo kwa shilingi 50, na kila mtu akatumia ndoo moja kwa siku, ni shilingi 125,000 kwa siku, 3,750,000 kwa mwezi. Usishangilie bado. Wahudumu 10 wanataka chao, na vyombo vingi huwapa asilimia ya mauzo. Kwa asilimia 20 tu ni 750,000. Fundi na mhasibu wana mshahara. Kama mtambo ni wa dizeli au umeme, gharama hiyo pekee inaweza kula kiasi kikubwa. Tena si kila ndoo hununuliwa: ya kufulia huchotwa mtoni, ya ng'ombe lambo. Mimi nikifanya makadirio ya namna hii huwa ninagawa mauzo kwa mbili kabla ya kuyaamini.

Dira ya malipo ya kabla hupunguza mianya. Kila lita iliyotoka kwenye bomba imelipiwa, hakuna deni na hakuna "nitakupa jioni". Ila mashine zenyewe ni mtaji, na mara nyingi kampuni inachukua sehemu ya kila malipo au ada ya mwezi kwa kuendesha mfumo. Makato ya kutuma pesa kwa simu nayo yanatoka mfukoni mwa mtu. Ulizeni makato hayo analipa nani, chombo au mtumiaji, kabla ya kusaini.

Fundi wa mkataba ana uzuri mmoja mkubwa: gharama inajulikana tangu mwezi wa kwanza. Ubaya ni kwamba ada inayowezekana kulipwa na kijiji kwa kawaida haitoshi kuendesha huduma yenyewe. Hata Kitui kuna mfuko maalumu wa kuziba pengo hilo. Mfadhili akiondoka, ada itapanda au fundi atapotea.

Sasa siku mbaya. Hapa ndipo ningependa mkutano utumie nusu ya muda wake. Pampu ya kuzama kisimani, iwe ya jua au ya jenereta, itaungua siku moja. Tuseme mpya pamoja na kuifunga ni shilingi 6,000,000 na mnategemea idumu miaka 6. Hiyo ni miezi 72, yaani mnatakiwa kuweka kando kama 83,000 kila mwezi, kwenye akaunti isiyoguswa kwa jambo lingine lolote. Kamati ya kujitolea ni nadra kuiweka, kwa sababu mchango wenyewe hukusanywa kwa kubembelezana. Chombo chenye watumishi kinaweza, lakini kishawishi cha kuongeza posho za vikao kipo. Malipo ya kabla yanaweza kukata fungu la akiba papo hapo kila malipo yanapoingia, kama mkataba umeandikwa hivyo, na hilo ndilo ningelidai kwanza kuliko rangi ya chipu. Fundi wa mkataba kwa kawaida hubeba matengenezo, habebi kununua mtambo mpya. Someni kipengele hicho mara mbili.

Zipo kamati zinazokopesha pesa ya maji kwa riba, mtindo wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, ili mfuko ukue. Mfuko hukua kweli. Shida ni kwamba pampu haingoji marejesho ya wakopaji.

Muda wa kukaa bila maji

Kwa pampu za mkono, jibu linategemea aina ya pampu na umbali wa duka la vipuri kuliko katiba ya kamati. Pampu ya mkono ya Afridev iliendelezwa miaka ya 1980, sehemu ya majaribio yake ikiwa huko Kwale, kwa nia hasa ya kumwezesha mwanakijiji aitengeneze mwenyewe: spana moja inafungua karibu kila kitu, na vinavyoisha ni raba na bushi, vitu vya kubadilisha nusu siku. Kamati ya kujitolea yenye mama wawili na kijana mmoja waliofundishwa inaiweza Afridev bila shida. Lakini mkiwa na spana bila raba, na raba iko mjini nauli ya kutwa nzima, pampu itakaa wiki kadhaa.

Ndicho walichokipima Kyuso, Kitui. Watafiti waliweka vifaa vya kutuma ujumbe kwenye mikono ya pampu ili ijulikane ipi inatumika na ipi imelala, kisha wakawa na mafundi tayari. Wastani wa pampu kukaa imeharibika ulishuka kutoka karibu wiki 4 hadi chini ya siku 3. Kwa anayeteka maji ya kunywa, hiyo ni tofauti ya kurudi au kutorudi kwenye kisima cha kienyeji. Kwa kigezo hiki pekee, fundi wa mkataba anaziacha njia nyingine mbali, pale alipo. Sehemu nyingi hayupo.

Mtambo mkubwa ni habari nyingine. Pampu ya kuzama haichomolewi kwa spana moja. Inahitaji mnyororo, watu na fundi anayejua umeme, na kifaa cha kuongozea sola kikigoma, wa kijijini atafungua kasha na kulifunga tena. Chombo chenye fundi wa kuajiriwa kinasaidika kwa yale madogo, kama bomba kupasuka, koki kuvuja au tangi kufurika. Kwa makubwa, Tanzania mtapiga simu kwa meneja wa RUWASA wa wilaya, na foleni inaweza kuwa ndefu.

Kwenye malipo ya kabla kuna aina moja zaidi ya kuharibika ambayo njia nyingine hazina: tangi limejaa, bomba limejifunga. Betri imekufa, mtandao umepotea, au kidude cha ndani kimeshika chumvi ya maji. Kwenye kila kituo dai koki ya dharura yenye kufuli, na ufunguo uwe kwa mtu anayelala kijijini.

Masika

Mvua ikishika, watu wanakinga maji ya bati, wengine wanarudi kwenye madimbwi na mito ya msimu. Kuhara huongezeka miezi hiyohiyo ambayo bomba la maji safi halina foleni. Kwa mapato, mchango wa kaya ndio unaopaswa kuwa tulivu, maana haufuati ndoo. Kwa vitendo ndiyo miezi ambayo mtu anakuuliza, "Nilipie nini na sichoti?" Mauzo kwa ndoo yanashuka na mhudumu wa asilimia anaacha kufungua kituo, kwa hiyo hata yule anayetaka maji safi anakuta kufuli. Malipo ya kabla nayo yanashuka, ila bomba lipo wazi saa zote na hakuna wa kumlipa kwa kukaa bure. Ada ya fundi wa mkataba haishuki. Kamati nyingi huanza kudaiwa hapo.

Suluhisho la njia zote ni moja: bei ipangwe kwa kujua kwamba kiangazi kitailipia masika, na hesabu zionyeshwe kwa mwaka mzima, si kwa mwezi uliochangamka.

Asiyenacho

Kamati ya kujitolea inawajua watu wake. Bibi fulani hasumbuliwi, mgonjwa yule anachotewa. Inawajua pia shemeji zake mwenyekiti, na hao nao hawasumbuliwi. Mhudumu wa kituo ana uso. Unaweza kumwomba, anaweza kukuandika kwenye deni, na siku akichoka anakataa mbele ya watu. Mashine haina shemeji. Haina huruma pia, na mzee asiye na simu anategemea mjukuu amjazie salio, mjukuu akiwa shule anangoja.

Jambo hili linapangika. Tanzania, kijiji chenye mpango wa TASAF, mfuko wa Serikali wa kusaidia kaya maskini, tayari kina orodha ya kaya maskini iliyopitishwa na mkutano wa kijiji. Itumieni: chipu za kaya hizo zijazwe na chombo kiasi cha ndoo kadhaa kwa siku, au wahudumu wapewe orodha na ndoo hizo ziandikwe kama ndoo, zisipotelee kwenye neno "msamaha". Kwa fundi wa mkataba swali hili halimhusu. Yeye analipwa kwa pampu, na nani achote bure mnaamua wenyewe.

Shule na zahanati zitengewe fungu lao tangu mwanzo. Nimeona hoja ikipita mkutanoni kwamba shule ichote bure "kwa sababu ni watoto wetu", halafu shule hiyo ikawa mtumiaji mkubwa kuliko wote, bila dira.

Hesabu anaiona nani

Siku moja ya mhudumu wa kituo inaeleza mengi. Asubuhi dira ya kituo inasoma 412, jioni 418. Uniti 6, kila uniti lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Jumla ndoo 300, shilingi 15,000. Kaunta buku lake limechorwa mistari mitanomitano: ndoo 240, shilingi 12,000. Zimepungua ndoo 60. Je, ameiba? Si lazima. Kila mtu husuuza ndoo kabla ya kujaza, wengine hujaza mpaka maji yamwagike, na dumu la "lita 20" huingia zaidi. Pengo dogo ningelipokea bila maswali. Pengo la ndoo 60 kati ya 300 ningekaa naye. Siku tatu mfululizo ningembadilishia kituo, kabla mtu hajamtungia jina.

Uzuri wa njia ya chombo ni kwamba hesabu hiyo inawezekana kufanywa na yeyote anayejua kuzidisha, mradi kuna dira kwenye kila kituo na dira kubwa kwenye kisima au tangi. Miradi ya maji ya mserereko (yanayoteremka yenyewe bila pampu) wilayani Hai, Kilimanjaro, iliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani kuanzia miaka ya 1990, ilishika msimamo huo: dira, watumishi wa kulipwa, bodi inayotoa taarifa kwa wananchi. Chombo kisicho na dira kwenye vituo ni kamati ya kujitolea iliyopata mhuri.

Kwenye kamati ya kujitolea, hesabu iko kwenye daftari la mweka hazina na kichwani mwake. Akiwa mwaminifu mambo ni mazuri, lakini watu hawana namna ya kujua, na uvumi hautofautishi mwaminifu na mwizi. Kubandika mapato na matumizi ya mwezi kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kunagharimu karatasi moja.

Malipo ya kabla yanatoa taarifa safi kuliko zote: kila bomba, kila saa, kila lita. Swali ni nani ana neno la siri la kufungulia taarifa hizo. Kama ni kampuni pekee, kijiji kimebadilisha mweka hazina kwa mweka hazina anayekaa mbali. Andikeni kwenye mkataba kwamba mhasibu wa chombo na RUWASA, au kaunti, wanaziona, na mkataba ukiisha taarifa na bomba vinabaki kwenu na vinaendelea kufanya kazi.

Kila njia inamfaa nani

Kamati ya kujitolea inafaa kitongoji chenye pampu ya mkono moja au mbili, kaya zinazofahamiana, na vipuri vinavyopatikana karibu. Kwa Tanzania bado mtahitaji kuwa ndani ya chombo kilichosajiliwa, hata kama kazi ya kila siku inafanywa na wajumbe wa kujitolea. Siku hizi RUWASA inaviunganisha vyombo vidogo ili viweze kuajiri watu wenye ujuzi.

Chombo chenye watumishi na wahudumu kinafaa mradi wa bomba wenye vituo kadhaa, kijiji chenye vijana wanaohitaji kazi, na mahali ambapo mtandao wa simu ni wa kupanda kichuguu. Kinadai usimamizi wa kila wiki. Bila mtu wa kusoma dira, kinageuka duka la watu wachache.

Dira za malipo ya kabla zinafaa mahali penye watu wengi wanaochota saa tofauti, pesa za simu zimezoeleka, na hasa pale ambapo imani kwa wahudumu imeshavunjika kiasi kwamba watu hawalipi kwa hasira. Haziwezi kuponya mradi wenye maji machache au yenye chumvi. Mtu hatajaza salio kwa maji asiyoyataka.

Fundi wa mkataba anafaa eneo lenye pampu nyingi zilizotawanyika, ambako kijiji kimoja kimoja hakiwezi kumlisha fundi lakini vijiji 20 vinaweza. Haiji kwa kijiji kimoja kupiga simu. Kata au kaunti ndiyo ianzishe mazungumzo.

Kama hali yenu ni hii

Mna pampu ya mkono tu na haijawahi kuwa na akiba: baki na kamati, lakini nunueni seti mbili za raba na bushi wiki hii kabla ya kubadilisha uongozi wowote.

Mna mradi mpya wa sola na mfadhili anataka kuweka dira za malipo ya kabla bure: kubalini kwa masharti matatu, koki ya dharura, neno la siri kwa mhasibu wenu, na bei ya kidude kipya cha bomba kuandikwa leo. Kama hawezi kutaja bei ya kipuri, wahudumu wa kituo watawafaa zaidi.

Mna chombo, kuna minong'ono ya wizi, na watu wameanza kususa: msikimbilie mashine. Fungeni dira kwenye vituo vyote, zisomwe kwa mwezi mmoja na watu wawili wasio ndugu, matokeo yabandikwe. Pengine mtagundua bomba linalovuja chini ya shamba la mtu.

Mko pembezoni mwa mji na nyumba zinaongezeka kila mwaka: zungumzeni na mamlaka ya maji, kwa kununua maji kwa jumla au kujiunga kabisa. Visima vya kitongoji vilivyobanana na vyoo havitabaki salama muda mrefu.

Mko kwenye kata ya pampu nyingi na fundi mmoja mzee: pelekeni hoja ya fundi wa mkataba kwenye kikao cha kata, mkiwa na orodha ya pampu zote, zinazofanya kazi na zilizolala, na tarehe zilipolala.

Na kama mkutano umegawanyika katikati, chagueni njia moja kwa mwaka mmoja, ili ipite kiangazi na masika, na muandike kwenye muhtasari tarehe ya kuijadili upya pamoja na namba mtakazoziangalia siku hiyo: siku ambazo bomba halikutoa maji, salio la akiba ya pampu, na idadi ya kaya zilizochota bure.